Sauti ya Kwanza ya Redio Kiima

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa wafanyakazi. Bwana Musau, mwenye stesheni, ametangaza kwamba Redio Kiima inatimiza miaka ishirini Jumamosi hii. Kutakuwa na kipindi maalum cha historia yetu. Kisha akatoa habari kubwa zaidi. Mtangazaji wa asubuhi amehamia Nairobi, na kiti chake kitapewa yule ambaye sauti yake ilisikika hewani kwanza siku ile ya kufungua.

Rodgers wa michezo aliinua mkono kabla bosi hajameza mate. Ni yeye, alisema. Nikainua wangu. Ni mimi, nikasema, na nilifungua kwa sala, na baadhi ya wageni walilia.

Ukweli ni kwamba siku ile nilitumwa dizeli ya jenereta. Lakini Rodgers naye ni mwongo, na uwongo wangu angalau una sala ndani.

Nakitaka kiti kile. Miaka ishirini nimesoma matangazo ya vifo. Machakos nzima inaijua sauti yangu na hakuna anayefurahi kuisikia. Nikiagiza chai hotelini, watu wanaweka vikombe chini. Mke wangu amenikataza kumpigia simu, nimtumie ujumbe. Nataka mtu anisikie na acheke, hata mara moja tu kabla sijastaafu. Bosi anataka ushahidi kufikia Jumamosi.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nzembi wa Ekalakala! Shabiki wetu mkubwa wa salamu. Amenasa vipindi vyetu kwenye kaseti tangu siku ya kwanza. Bila shaka anayo ya ufunguzi, na huenda Rodgers kweli yumo. Lazima niipate kabla yake. Ikiingia mfukoni mwangu, itapotea kwa heshima.

Nilimpigia simu asubuhi, kwa upole kabisa, kama ninavyosema na wasikilizaji. Nikamwambia ni Onesmus wa Redio Kiima. Nikamwuliza kama ameketi, maana maongezi yangekuwa marefu. Alipiga ukemi mmoja mkali na simu ikaanguka. Nikapiga tena. Akapokea mwanamume. Nikamwomba radhi kwa usumbufu, naye akaanza kulia.

Mtandao wa Ekalakala ni mbovu. Kesho nitaenda mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimefika Ekalakala kwa bodaboda, mdomo umejaa vumbi. Kwa Nzembi kuna hema. Viti vya plastiki. Akina mama wanamenya viazi, nyama iko jikoni. Nikavua kofia, nikamwuliza mzee mmoja ni nani aliyefariki. Akanitazama sana. Akasema mimi ndiye ninayejua, kwani si mimi niliyepiga simu?

Hapo nikaelewa. Waliposikia sauti yangu hawakuhitaji maneno. Walipiga simu ukoo mzima kutafuta nani hapatikani. Asiyepatikana alikuwa Kioko, mume wa Nzembi, anayeshona suruali kiwandani EPZ, Athi River. Simu yake ilikuwa kwa fundi tangu Jumapili na hakumwambia mtu.

Mtu mwingine angesema ukweli. Hata mimi nilifungua mdomo. Lakini wajomba walikuwa wengi, na baadhi bado walikuwa na visu vya kuchinjia. Nikamwambia Nzembi kwa sauti ya chini kwamba, ili tangazo litoke vizuri, nahitaji kaseti ya siku ya ufunguzi. Akaileta imefungwa kwa leso, machozi yakimtoka. Nilijisikia vibaya sana. Nikala wali sahani mbili.

Nilikuwa natafuta bodaboda ya kurudi mjini wakati Kioko mwenyewe alipofika. Mwenzake kiwandani alikuwa ameombwa mchango wa mazishi yake. Akina mama wakakimbilia jikoni. Kioko hakuuliza nani alisema amekufa. Aliuliza nani aliruhusu fahali wake achinjwe. Wote wakaninyoshea kidole. Bodaboda ilienda kasi nzuri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeazima redio ya kaseti kwa fundi wa saa. Nikajifungia chooni pale stesheni, nikabonyeza. Kelele kidogo, halafu sauti. Si ya Rodgers. Ni yangu!

Nimerudi na dizeli, mtu ameacha maikrofoni wazi, nami namwambia mlinzi: "Huyu Musau ni mkono wa birika. Ananituma dizeli ya kujaza kikombe. Hii redio hata mwezi haimalizi." Kisha nakohoa.

Kumbe nilisema kweli Jumatatu bila kujua. Jambo hilo halijawahi kunipata, na sikujua nifanye nini nalo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwomba Lavender, fundi mitambo wetu, akate maneno yote na kuacha kikohozi. Alisema kikohozi kinaweza kuwa cha mtu yeyote. Nikamwambia hiki ni cha kihistoria. Rodgers alikuwa mlangoni, anatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Jumamosi, 8 Machi

Kipindi maalum. Bosi kwa suti. Kikohozi changu kimechezwa hewani mara mbili. Nikaeleza kwamba nilikuwa nasafisha koo kabla ya sala. Bosi aliinamisha kichwa kwa heshima.

Ndipo Rodgers akamwingiza mgeni wake. Nzembi. Mkobani mwake kaseti nyingine, kwani hunakili kila moja. Alisema maneno yangu yanajulikana kwao tangu siku ile. Umeme ukipotea, au pikipiki ya mtu ikikataa kuwaka, wanaambiana, "Haimalizi mwezi." Akawapa wasikilizaji kaseti nzima, na mkono wa birika wote.

Kisha simu zikaanza kuingia. Masinga wanacheka. Athi River wanacheka. Mama mmoja alisema, "Onesmus, kumbe wewe uko na utani hivi?" Wanacheka kwa sauti yangu! Nilitaka kulia kwa furaha.

Bosi hakucheka. Alimpa Nzembi kiti cha asubuhi palepale, tukiwa hewani. Tabasamu la Rodgers likaisha, na hilo limenifaa kidogo. Mimi nimebaki na vifo. Amri ya kwanza ya bosi: nitangaze jioni kwamba Kioko wa Ekalakala yu hai.

Nimetangaza vizuri mno. Jina lake kwanza, mumewe Nzembi, baba wa fulani na fulani, kaka zake, shemeji wote, kama desturi yetu ilivyo. Ujumbe wenyewe nikauweka mwisho, uwe na uzito.

Jumapili, 9 Machi

Nzembi amepiga simu. Watu walisikia sauti yangu, wakasikia jina la Kioko, wakazima redio na kuanza safari. Hema limerudi. Kioko ameketi mbele yake, anawasalimia waombolezaji mmoja mmoja, na wengine wanamwambia pole. Jamaa wameanza kumtazama fahali wa pili. Nzembi amenisihi nisitangaze tena lolote kuhusu familia yao. Jambo moja tu wanalomshukuru Mungu, anasema: mama mzazi wa Kioko, aliye Masinga, hajasikia chochote. Wamemficha habari hizi kwa sababu ya moyo wake.

Nimelitafakari kanisani, ibada nzima. Kosa sasa naliona wazi. Redio inasema na watu wengi mno. Habari kama hii inataka mtu na mtu, kwa utaratibu, kabla huyo mama hajaisikia vibaya kutoka kwa wengine.

Namba yake nimeipata. Nitampigia kesho mapema. Nitaanza polepole, nimtajie jina langu, kisha nimwulize kama ameketi.