Kura za Majani ya Shu

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Vitabu vimefika! Sanduku zima la bati, zawadi ya parokia. Nimevisubiri tangu nilipotoka Kibua kuja kusoma hapa Karuba, kwa mama mdogo Francine. Kibua nilikuwa na kitabu kimoja, nacho hakikuwa na mwanzo.

Prof Léonard, anayetufundisha historia, akasema mwanafunzi mmoja atashika ufunguo. Nikakaa wima. Nikafunga kifungo cha juu cha shati. Nikamtazama kwa macho ya mtu anayesoma.

Akampa msichana mmoja, Tumukunde.

Sababu? Eti baba yake, Papa Manzi, ndiye aliyeleta sanduku kutoka Mushaki kwa chukudu yake. Kwa hiyo iliyochaguliwa ni chukudu! Mbao na magurudumu mawili! Mimi ningelibeba sanduku hilo kichwani, kama kuna mtu angeniambia.

Tumukunde ameuvaa ufunguo shingoni kwa kamba nyekundu. Unagonga kifungo chake anapotembea. Ti, ti, ti. Na anatembea sana.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Somo la Athene. Tumaini!

Prof amesema Waathene wengi walipata vyeo kwa kura, kama mitume walivyompata Mathiya. Majina yanachanganywa, linatoka moja, basi. Hakuna kupendwa, hakuna chukudu. Mtu asiyejulikana kabisa anaweza kupata. Mimi sijulikani kabisa. Prof huniita Noël, jina lisilo langu.

Nikainua mkono. Nikasema ufunguo utolewe kwa kura. Sauti yangu ilifika benchi moja tu mbele, lakini kwenye benchi hilo anakaa Evode, ambaye ana sauti ya mnada. Akasimama: "Prof, Akilimali anasema tupige kura!" Makofi. Prof akakubali. Kesho!

Jioni nimekata karatasi, jina la kila mmoja wetu, nikazikunja na kuzitia kwenye kofia. Yangu nimeikunja nene kidogo, mkono uweze kuiona. Haki haijakatazwa kusaidiwa.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Neno "kura" lina matumbo mawili! Mimi nilisema kura ya mitume. Wao walisikia kura ya rais.

Wamefika na nyimbo. Adelaïde, anayekaa na Tumukunde, alichora ufunguo mkubwa ubaoni na kuuwekea miale kama jua. Tumukunde mwenyewe hakufanya kampeni. Aligawa karanga tu. Kugawa karanga si kampeni? Nilizila. Zilikuwa tamu, na hilo limenikasirisha zaidi.

Nilijaribu kueleza. Nikainua kofia yangu. Evode akadhani naomba mchango, akatia karanga.

Matokeo: darasa zima kwa Tumukunde, isipokuwa mmoja. "Na kura moja," Prof akasoma, "kwa Noël." Niliandika Akilimali, yeye akanisahihisha!

Jana alishika ufunguo kwa sababu ya chukudu. Leo anaushika kwa mapenzi ya raia. Nani amempandisha? Mimi.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Roma ni bora kuliko Athene. Roma palikuwa na tribuni, mtetezi wa watu wadogo. Tribuni akisema "veto", yaani "nakataza", kila kitu kinasimama. Hata seneti. Mtu mmoja, neno moja. Na neno lenyewe ni fupi. Linanifaa.

Wakati wa mapumziko Tumukunde akafungua sanduku. Akatoa kitabu cha Roma, kile kinene chenye picha, ili ampe Adelaïde. Kitabu changu! (Sijakigusa bado. Lakini ni changu.)

Nikasimama. "Veto." Hakuna aliyesikia. Nikavuta pumzi yote ya milima ya Masisi. "Veto!"

"Vélo?" Evode akageuka. "Vélo ya nani?"

"Wameiba vélo!"

Darasa lote likatoka mbio. Prof, ambaye huja shuleni kwa baiskeli, alitangulia wote, akiwa na chaki mkononi. Baiskeli ilikuwa imeegemea mkaratusi wake kama kawaida. Wakarudi polepole, wakinitazama.

Tumukunde akanijia. Akaniuliza kwa upole: "Kaka Akili, njo vélo yako wameiba? Pole sana." Sina baiskeli. Sijawahi kuwa nayo. Nikasema asante.

Wema wake unaniuma kuliko ufunguo wake.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Narudi Athene, na safari hii sitoki!

Kumbe Waathene walikuwa na dawa ya watu wanaopendwa kupita kiasi. Mara moja kwa mwaka waliweza kukusanyika, kila mmoja akiwa na kigae cha chungu kilichovunjika, akaandika jina. Mwenye majina mengi aliondoka mjini miaka kumi. Bila kosa, bila kesi, bila kujitetea. Mali yake haikuguswa. Waligundua kwamba mtu akizidi kung'aa, wengine hawaoni. Ni sheria nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma.

Sikuitegemea sauti tena. Niliandika pendekezo kwenye karatasi nikaiweka mezani kwa Prof. Akaisoma, akafurahi mpaka akaniita kwa jina langu. Tutafanya zoezi Jumatatu! Masharti yake: atakayepata majina mengi ataacha kazi yoyote ya darasa kwa siku kumi. Hakuna matusi, hakuna sababu, jina tu.

Siku kumi na sanduku! Kitabu cha Roma nitakimaliza mara mbili.

Tatizo moja: vigae. Hapa tunapikia sufuria na kulia sahani za plastiki. Nimejaribu kuvunja sahani ya plastiki. Inapinda, inanyooka, inakuangalia. Prof akaniambia Wagiriki wa Sirakusa walitumia majani ya mzeituni badala ya vigae. Mizeituni Karuba haipo.

Lakini mama mdogo amelima shu, yaani kabichi.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Jani la nje la shu ni pana, gumu, na ukiandika kwa mwiba maandishi yanabaki. Nimevuna moja hapa, moja pale, ili shamba lisijue. Gunia moja. Nimelificha nyuma ya choo cha shule.

Kampeni imeanza. Ya siri, ya mtu kwa mtu, kwa sababu mbele ya watu wawili nakosa maneno. Namvuta mtu pembeni, namnong'oneza: "Jumatatu, kwenye jani, andika Tumukunde. Usiniulize kwa nini."

Nilitegemea ubishi. Hakuna! Guy, wa darasa letu, aliziba mdomo akacheka. Adelaïde akanishika bega: "Weye Akilimali! Na vile uko kimya!" Evode akanipa mkono wa watu wazima. "Kaka, uko mwanaume kweli. Miye siwezi."

Nilijua! Wote walikuwa wamemchoka. Walikosa kiongozi tu.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Baada ya misa nimewafikia waliobaki. Wasichana wa kwaya walipiga vigelegele vya chini kwa chini. Vigelegele! Kwa ajili ya kumwondoa mtu! Hata mimi nilishtuka kidogo kwa ukali wao. Watu wa Karuba ni wapole usoni tu.

Tumukunde alipita na wazazi wake. Papa Manzi alinisalimu kwa furaha isiyo ya kawaida, akauliza kwetu Kibua ni kina nani, na kama wana mbuzi. Maskini. Hajui linalomngoja binti yake.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Sijui niandike vipi. Naandika tu.

Majani yaligawanywa. Kila mmoja akainama na mwiba wake. Langu niliandika kwa herufi kubwa, nzuri, nikapiga mstari chini. Prof akakusanya, akaanza kusoma kwa sauti.

"Tumukunde."

Darasa likaitika: "Tumukunde!"

"Tumukunde."

"Tumukunde!"

Ilikuwa kama litania ya watakatifu. Kila jani. Moyo wangu ulikuwa unacheza. Nilimwangalia Tumukunde: ameficha uso ndani ya kola ya sweta. Nikasema moyoni, lia tu, ndivyo Athene ilivyo.

Prof akaweka jani la mwisho. Alikuwa anatabasamu. Akasema, yeye mwenyewe wazazi wake ni Wahunde wa Bweremana, lakini Kinyarwanda anakisikia kama karibu kila mtu aliyemo humu. Akauliza nani hakisikii. Mkono mmoja ukainuka. Wangu.

"Tumukunde," akasema, "maana yake ni: tumpende."

Tumpende! Siku mbili nzima nimezunguka kijiji kizima nikiwanong'oneza watu waandike "tumpende"! Na wao wamejua tangu mwanzo! Vigelegele, mkono wa Evode, mbuzi, yote!

Nikasimama. Nikasema lilikuwa jina, si sentensi. Sauti ikaishia kifuani. Prof akatoa hukumu: darasa limepewa nafasi ya kumwondoa mtu, nalo kwa majani yote limeamua kumpenda. Neno la raia ni sheria. Na Athene, aliyeleta hoja ndiye anayejibu kwa ajili ya hoja yake. Kwa hiyo aanze yeye.

"Aanze! Aanze!" wakapiga madawati.

Nilitoka kupitia dirishani. Ni dirisha dogo.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Nilikwenda nyumbani kwa Prof kabla ya masomo. Mroma aliyeonewa aliweza kukata rufaa kwa watu wote, nami nikadai kura zihesabiwe upya. Prof akakohoa. Akasema haiwezekani. Mke wake, Mama Nadine, alizipika jana kwa mawese.

"Zilikuwa laini," akasema Mama Nadine. "Zilizobaki utamupelekea mama yako mudogo?"

Haikuhitajika. Mama mdogo amefika shambani mwenyewe. Kelele zake zilivuka kilima. Shu zake ziko uchi! Nani amezivua nguo? Na sokoni Mushaki wameshamwambia habari za binti ya Papa Manzi. "Unapenda mutoto ya watu na shu yangu?" Nikamwambia simpendi, namwonea wivu. Akasema tofauti yake haioni. Hadi Krismasi nitamwagilia shamba kila alfajiri.

Njiani Papa Manzi akapita na chukudu iliyojaa viazi. "Mukwe!" akapaza sauti kutoka juu ya kilima, na akaendelea kupaza mpaka chini, kwa sababu chukudu haina breki nzuri.

Alasiri Tumukunde alinikuta nyuma ya darasa. Ti, ti, ti. Akauliza bila kunitazama kama yale niliyoandika kwenye jani niliyamaanisha. Ningesema ndiyo, ni uongo. Ningesema hapana, ni ukweli, nao ni mbaya zaidi. Kinywa kikatafuta neno fupi.

"Veto."

"Vélo tena?" akasema. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Kisha akasema: "Kaka Akili, kama ulikuwa unataka vitabu, si ungeomba tu?"

Kuomba! Hilo sikulikuta Athene wala Roma.

Akaeleza kwamba Roma ilikuwa na makonsuli wawili, cheo kimoja, wakipokezana zamu. Amekwisha kukisoma! Kitabu changu! Mpaka mwisho! Basi na sisi tupokezane, leo yeye, kesho mimi. Akavua kamba nyekundu akaniwekea mkononi. Ufunguo ulikuwa bado na joto.

Niliinamisha kichwa, kama konsuli.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Jana ilikuwa zamu yangu ya kwanza. Nilifungua sanduku. Harufu ya karatasi mpya! Kitabu cha Roma ni kizito kama mtoto. Siku nzima sikumwonea mtu yeyote wivu. Naiandika hapa kwa kuwa haijawahi kutokea.

Leo zamu ya Tumukunde. Sanduku ni zito, lazima litoke ofisini hadi darasani. Evode akajitolea kulibeba. Tumukunde akamwambia konsuli wa Roma alitanguliwa na liktori, mtumishi wa heshima anayemfungulia njia, basi liktori ni yeye. Evode akatembea mbele yake akipaza sauti ya mnada: "Mupishe konsuli!" Tumukunde akacheka. Kicheko kirefu. Kirefu kuliko cha vélo!

Jana mbele yangu hakutembea mtu. Sanduku nililibeba mwenyewe.

Na kwa nini moyo unaniuma kwa sababu ya mbeba sanduku? Nimetafuta kitabuni. Hakuna sura ya jambo hilo.

Liktori amezidi kung'aa. Jamhuri iko hatarini. Kesho nitampelekea Prof pendekezo jipya, kwa maandishi. Shu sizigusi tena, nitatumia majani ya migomba. Na safari hii nimejifunza! Jina nimelichunguza kwanza. Nimewauliza watu wa kila lugha niliowakuta kisimani, na wote wamekubali kwamba "Evode" kwa Kinyarwanda halina maana, kwa Kihunde halina maana, kwa Kiswahili halina maana.

Prof alisema jina hilo ni la Kigiriki, akaanza kunieleza habari za "njia njema", lakini nilikuwa na haraka ya kutafuta miiba. Kigiriki! Nani anajua Kigiriki hapa Karuba?