Safu ya Nne, Kiti Kimoja

Jumatatu, 5 Februari

Leo mji wetu wa Val-Corbeau umepasuka! Mama Pomerleau, meneja mpya wa timu yetu ya hoki ya barafuni, Nungunungu, amemuuza Bolduc. Bolduc mwenyewe! Nyota wetu, mfungaji wetu, sura iliyobandikwa kwenye kila dirisha la duka. Na amepata nini? Wachezaji wanne ambao hata mama zao wakiwaona barafuni wanauliza yule nani.

Bibi yangu Philomène, ambaye naishi kwake, hajakosa mechi tangu babu alipokuwa na nywele. Amesema angekuwa na magoti angeenda kulala mbele ya gari la Bolduc. Nikamwambia atulie, mimi si nipo? Akanitazama. Akarudi kukoroga supu yake ya njegere. Mwiko ndio ulionijibu.

Mkutano wa timu. Mama Pomerleau, mfupi, koti la manyoya, sauti ya kupasulia kuni. Akasema tunaburura mkia kwenye ligi kwa sababu tulikuwa na mchezaji mmoja, wengine wote watazamaji waliovalishwa jezi. Sasa anataka kikosi kipana. Safu nne za washambuliaji, zote zinapiga kazi. Unaingia barafuni, unakimbia kama nyumba inaungua, dakika haijaisha unatoka, mwenzako anaingia. Wapinzani wakishaishiwa pumzi, sisi bado tuna watu.

Nilimwelewa kabla ya wote. Kikosi kipana ni mimi! Msimu mzima nimekaa jukwaani na suti ya marehemu babu, akiba ya akiba, nikila viazi vya rojo na jibini. Hatimaye mtu mwenye macho!

Ila kuna kadosari. Kocha Baril akatangaza kwamba safu ya nne, ubavu wa kushoto, kimebaki kiti kimoja na watu ni wawili: mimi Ludger Tanguay, na Odilon Fecteau. Mechi ya Jumamosi ikiisha, mmoja anabaki. Mwingine anapelekwa kwenye timu yetu ndogo huko Pointe-aux-Loups, kaskazini kabisa, ambako basi la timu halina hita na watu wanalala na kofia.

Odilon! Mzee wa miaka thelathini na sita! Meno ya mbele hana, ameyaacha kwenye viwanja mbalimbali. Nimeshashinda. Nimelala mapema kwa furaha.

Jumanne, 6 Februari

Mpango! Kwenye sakafu ya chumba chetu cha kuvalia, katikati, imechorwa nembo yetu: nungunungu mkubwa, miiba imesimama. Haikanyagwi. Hata fundi bomba huizunguka. Anayeikanyaga ameleta mkosi, na timu nzima haimsemeshi mpaka tushinde mechi. Sasa nani hufika wa kwanza asubuhi? Odilon. Basi nikamtangulia, nikaifunika nembo kwa mataulo, nikajibanza nyuma ya jezi zilizoanikwa. Harufu ya pale! Lakini ushujaa una gharama zake.

Odilon akaingia anapiga mluzi kwa fizi. Akafika kwenye mataulo. Akayazunguka! Hakutazama hata chini. Amekaa chumba kile miaka mingi mno, miguu yake yenyewe inajua.

Nyuma yake akaja Mama Pomerleau. Buti za kisigino. Akapita katikati, akasimama hapo hapo, juu ya pua ya nungunungu, akaanza kumuuliza Odilon habari za goti. Odilon akainama taratibu, akafunua taulo. Nilisikia moyo wangu, na nadhani na wao waliusikia.

Mama akauliza nani ametandika haya. Nikajitokeza. Nikasema nilikuwa naikinga nembo na vumbi. Akasema vizuri sana, kijana msafi, basi kuanzia leo sakafu hii ni yako, tambara la deki lile pale.

Nikapiga deki. Narudi nyuma, narudi nyuma, wachezaji wanaingia mmoja mmoja. Wakasimama mlangoni wote wakinitazama miguu.

Nilikuwa juu yake. Kwa miguu yote miwili.

Jumatano, 7 Februari

Hakuna anayenisemesha. Mpaka tushinde! Na sisi ndio tunaoburura mkia! Naweza kuzeeka hivi.

Meneja aliikanyaga na wanamsemesha. Niliposema hilo si haki, hakuna aliyenijibu.

Mazoezini Kocha ananielekeza kwa kidole kama mbwa wa kuvuta sleji. Odilon peke yake amepata njia: anaongea na ukuta. Aliuambia ukuta kwamba, ewe ukuta, kama una masikio, viatu vyako vya barafu vimenolewa vibaya, ndiyo maana unakata kona kama friji. Nikavinoa upya. Kona zikakaa sawa. Sikumshukuru. Sina mazoea na watu wanaoongea na kuta.

Alhamisi, 8 Februari

Mechi na Misumeno ya Grande-Chute. Kocha kapanga: kipindi cha kwanza Odilon, cha pili mimi, atupime.

Odilon alicheza bila kuonekana. Anaingia, anambana mtu ukutani, anasukuma mbele kisahani, ule mpira wetu bapa wa raba, anatoka. Bibi, pale kwenye kiti chake nyuma ya benchi letu, hakumtaja hata mara moja. Nikacheka moyoni. Mchezo gani wa kujificha? Mama Pomerleau atamwona saa ngapi?

Zamu yangu. Nikakata shauri: mimi nitaonekana. Nikaingia. Wenzangu wa safu wakatoka, safu nyingine ikaingia, mimi nipo. Kocha anapiga kelele, nipo. Watu wanatajataja jina langu, nikadhani wananishangilia, nipo! Kisha miguu ikageuka tambi. Mtu wa Misumeno akanipita akiwa hana haraka yoyote, nadhani hata alinisalimia. Bao.

Nilirudi benchi kwa magoti. Kocha Baril akasahau kwamba hanisemeshi. Akauliza kama niliingia kucheza au nilihamia. Akauliza kama aniletee kitanda na picha za familia. Bibi naye, kutoka nyuma, kwa sauti ya kanisa zima, akasema huyo mjukuu si wa upande wake.

Tumefungwa. Kipindi cha tatu, cha mwisho, niliketi. Lakini ukweli usemwe: nimeonekana.

Ijumaa, 9 Februari

Asubuhi napiga deki, Odilon kakaa anafunga utepe kwenye gongo lake la kuchezea. Akauambia ukuta, we dogo ukuta, sikiliza. Kabla hujachoka kabisa, toka. Inua gongo, ita jina la anayeingia, kimbilia benchi. Na wewe uliyeko benchi usiruke mpaka mwenzako amefika mlangoni. Ndiyo kazi nzima. Akasema wanaodhani kazi ni kufunga mabao wanauzwa kama Bolduc.

Nikauliza ukuta, mbona unanisaidia na kiti ni kimoja? Odilon akamalizia utepe wake. Kisha akasema wakimpeleka Pointe-aux-Loups haendi, anatundika viatu. Mke wake kajifungua Krismasi, mtoto wa kike, ndiyo kwanza ameanza kucheka. Alitaka amalizie msimu hapa hapa, mtoto aje uwanjani hata mara moja, ingawa hatakumbuka. Ila akishindwa, anataka ashindwe na mtu anayejua kutoka barafuni.

Nikajikuta napiga deki mahali pale pale mara ya tatu. Nikadhani pana doa. Lakini doa halikuwapo.

Haidhuru! Vita ni vita. Nina mpango wa kesho.

Jumamosi, 10 Februari

Naandika kabla sijalala.

Mechi na vinara wa ligi. Uwanja umejaa mpaka ngazini, watu wamekuja kumzomea Mama Pomerleau. Lakini safu zetu nne zikaanza kuzunguka kama mashine ya kusaga nyama. Ingia, toka. Wale wanne wasiojulikana wakafunga mawili! Wapinzani wakaanza kuinama kushika magoti. Kipindi cha tatu tunaongoza kwa bao moja. Mimi na Odilon tunapokezana: akitoka naingia, nikitoka anaingia. Nilitoka mapema kila mara! Kocha akanipiga bega! Nilikuwa malaika.

Maana mpango ulikuwa mwishoni. Dakika chache zimebaki, Odilon yuko barafuni, mimi nimekaa juu ya ukingo wa benchi, mguu mmoja nje. Kisahani kikatoka kwenye rabsha, kikateleza kandokando ya ukuta, kikaja mbele yangu kabisa. Golikipa wao kasogea vibaya. Goli liko wazi kama mdomo wa Odilon!

Odilon alikuwa bado katikati ya uwanja, anakuja, kainua gongo, anaita jina langu. Alikuwa anasema ngoja.

Nikaruka. Nikachukua kisahani. Nikafunga! Nikatupa glovu, nikapiga magoti, nikateleza mbele ya jukwaa nikituma mabusu kwa umma. Umma ukawa kimya sana. Nikageuka. Refa kasimama mkono juu. Filimbi ilikuwa imelia zamani, mimi tu sikuisikia. Barafuni wanaruhusiwa sita pamoja na golikipa. Nikahesabu jezi zetu. Nikahesabu tena. Saba.

Bao limefutwa. Adhabu: tucheze pungufu dakika mbili, na mmoja wetu akakae kibandani. Refa akamuuliza Kocha nani. Kocha akaninyooshea kidole.

Kile kibanda cha adhabu kina kioo pande zote. Unaonekana vizuri sana.

Nikakaa, nikatazama. Safu ikaingia, ikajitupa mbele ya mashuti, ikatoka. Nyingine ikaingia. Odilon akapigwa na kisahani pajani, akaanguka, akainuka, akakizuia tena kwa mbavu, akakisukuma mbali, akaenda benchi akichechemea, na kabla hajaketi mtu mwingine yuko mahali pake. Jezi zinabadilika, ukuta haubadiliki. Hakuna aliyeonekana na hakuna kilichopita. Nikakaribia kabisa kuelewa kitu. Kisha mtu wa jukwaani akanimwagia bia kwa juu, kikanitoka.

Tumeshinda! Mkosi umeisha, kwa hiyo wote wakaruhusiwa kunisemesha, na wote wakanisemesha kwa mpigo. Nilitamani wanyamaze tena.

Odilon alikuja mwisho, barafu imefungwa pajani. Nikajua sasa natukanwa na mtu mzima. Akasema tu, lilikuwa bao zuri, dogo. Bahati mbaya zamu ilikuwa bado yangu.

Jumapili, 11 Februari

Mama Pomerleau kaniita. Kocha yupo, anatazama dirishani. Mama akasema, mwanangu, una miguu, una moyo, na una mdomo, ila mdomo umewaacha wenzake mbali. Kuingia unajua. Nenda Pointe-aux-Loups ukajifunze kutoka.

Nikamuuliza Odilon je. Akasema Odilon anabaki mpaka msimu uishe. Nikasema vyema. Lilinitoka lenyewe, sijui lilitoka wapi.

Lakini nimeshaling'amua jambo zima. Kikosi kipana, si ndiyo? Kila kitu kipana kina ukingo. Mimi ndiye ukingo! Ananificha kule mbali wapinzani wasinichunguze. Mama mjanja sana yule.

Nilimweleza Bibi. Akanifungia pai mbili za nyama, akajipangusa macho kwa aproni, akasema ni vitunguu. Kisha akasema niwahi basi, maana kelele zangu zinamharibia misa ya redioni.

Odilon alinipeleka kituoni kwa gari lake, na mtoto nyuma. Mtoto akanitazama, akacheka. Nikamwambia Odilon, umeona, ananijua. Akasema anacheka hata na mashine ya kufulia.

Jumatano, 14 Februari

Pointe-aux-Loups. Ni kweli kuhusu hita. Ni kweli kuhusu kofia pia.

Kocha wa huku ni mpole, ana ndevu za barafu. Kaniweka safu ya tatu. Ya tatu! Nimepanda cheo! Akanikalisha, akanieleza polepole kama mtu aliyepigiwa simu akaonywa: utaingia, utakimbia, utatoka mapema, mwenzako ataingia. Akauliza nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Mechi ya kwanza ni kesho. Watu wa huku hawajawahi kuniona kabisa, masikini. Nikitoka mapema wataniona saa ngapi?