Kidole Gumba na Gundi ya Vigae

Jumatatu, 3 Machi
Kidole gumba cha mguu wa kulia kimeamka kabla yangu. Kifundo kimevimba kama kitunguu, ncha imewalalia majirani kama mlevi. Na mimi fundi wa vigae! Kutwa nzima nimechuchumaa juu ya vidole. Sponji, ninayelala naye chumba kimoja, kasema natembea kama bata aliyefiwa. Huyu alianza kazi kwa kufuta vumbi la wenzake, leo anaitolea macho sakafu yangu ya ukumbini. Nimemwambia nimeteguka tu. Likizo ni Juni, nirudi kijijini baada ya miaka. Gari halifiki kwetu, mlima hupandwa kwa miguu. Mama hunijua kwa hatua kabla sijabisha hodi. Lazima niupande.

Jumatano, 5 Machi
Daktari wa mifupa kaitazama picha. Gegedu imekwisha, mfupa unasaga mfupa. Anataka kunipasua: akwangue ncha zote mbili, anyooshe kidole, aunge kwa bamba na skrubu. Hapo hapatakunjika tena, lakini maumivu basi. Halafu nilale wiki kadhaa, mguu juu ya mto. Mto! Sponji atamaliza ukumbi ajiite bosi. Nikashukuru, nikaaga. Kunyoosha kitu na kukigandisha? Si ndiyo kazi yangu hiyo!

Alhamisi, 6 Machi
Nimejifungia bafuni na mabaki ya gundi ya vigae. Nikavuta kidole, nikapachika kabari za plastiki tunazotengea vigae, nikasiliba gundi kote. Kimenyooka! Nikamkumbuka mama akitukanda miguu kwa maji ya chumvi, sisi watoto tumejipanga ukutani, yeye anaimba na kutufinya kidole kimoja kimoja. Hiki alikiita kiongozi wa msafara. Machozi yamenitoka. Labda ni gundi. Inachoma.

Ijumaa, 7 Machi
Inachoma kweli! Sponji kanikuta nalia, kacheka hadi akakaa chini. Kisha, nimpe haki yake, kanibeba mgongoni hadi hospitali, njia nzima akiniuliza kama nimeshakauka au bado. Muuguzi alibandua kipande kipande, akaita wenzake waje kuona. Ngozi imeungua. Daktari kasema ipone kwanza ndipo anipasue. Nyapara kampa Sponji ukumbi. Wangu!

Jumatatu, 31 Machi
Nimepasuliwa. Ganzi ya mgongoni: kuanzia kiunoni kushuka si mali yangu. Nyuma ya pazia nikasikia keekee ikilia. Nikamshauri daktari asiikandamize sana, pembeni huwa panapasuka. Akanijibu, "Fundi, tulia. Leo sakafu ni wewe."

Jumapili, 13 Aprili
Mama kapiga simu. Nimekiri kwamba huenda nikafika naburuta mguu, asije akadhani ni mgeni. Akasema njoo hivyo hivyo, mwanangu, marehemu baba yako naye alikuwa akiburuta, na ni miaka mingi sijausikia mburuzo ule uani. Nikageukia ukuta. Nimeuona ua ule, umefagiwa, bado una alama za ufagio. Sponji akajifanya anatafuta soksi.

Jumamosi, 24 Mei
Mifupa imeshikana! Daktari kaigonga picha kwa kalamu, karidhika mwenyewe. Mlima nitaupanda. Kaniagiza viatu vipana, soli ngumu, mbele pawe na nafasi. Nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, nikatoka moja kwa moja hadi duka la viatu. Mama aliyeningoja miaka yote hii anione nimevaa mitumbwi? Nimepata vyeusi vya ngozi, vinang'aa, ncha kali kama kalamu. Namba yangu haikuwepo, nimechukua inayofuata kwa udogo. Sponji kaniuliza skrubu walinitia mguuni au kichwani. Wivu huo. Muuzaji kaniapia vitatanuka. Visipotanuka, mguu utakonda. Kwa mlima ule wa kwetu, hata ng'ombe hukonda.