Mafungu ya Mawe Njia ya Jabalini

Jumanne, tarehe 9 Julai

Bahati imenikumbuka! Daktari wa meno, yule mama anayepanda majabali na wenzake siku za mapumziko, anatafuta dereva wa kuwapeleka jabali kubwa kila Jumamosi mpaka mvua zianze. Lami inaishia njiani. Kuanzia hapo ni mawe, makorongo na Mungu. Nikajitokeza hajamaliza hata kusema.

Kaniuliza kama njia naijua. Nikamwambia kama kiganja changu. (Sijawahi kufika. Ila hata kiganja sijawahi kukichunguza.) Kauliza gari linavuta kwa magurudumu yote manne? Nikajibu yote manne yapo, na la tano liko kwenye buti. Kacheka. Mtu akishacheka, nusu ya kazi umepata.

Gari lenyewe ni la shemeji, kaka wa mke wangu, mwoka mikate. Dogo, limekaa chini kama bata aliyeatamia. Kakubali kuniazima, kwa sharti moja: likirudi limeumia, Jumatatu naanza kumkandia unga, saa kumi alfajiri, mpaka anihurumie. Mke wangu kasema kaka yake hajawahi kumhurumia mtu.

Saa kumi! Mimi saa kumi huwa sipo duniani.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Balaa. Daktari kaalika na mtu mwingine! Mzee Taratibu, mwenye lile gari la zamani lililosimama juu kama mbuni. Jumamosi tunakwenda wote wawili, kila mmoja na abiria wake. Atakayewafikisha salama anapewa msimu mzima.

Nimekutana naye kwa fundi wa tairi. Kamtazama bata wangu, kainama, kachungulia uvunguni, kanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini, sijafiwa. Kasema bado.

Huyo mzee ananikera. Anaendesha polepole mpaka inzi wanapanda na kushuka.

Mchana nikasambaza mikate ya shemeji, duka la mwisho liko mwisho wa lami, nikaona bora niisome njia kabisa. Basi nikagundua siri! Wapanda majabali hupanga mawe pembeni, moja juu ya jingine, kama mafungu ya nyanya sokoni. Ukiona fungu, ujue njia ndiyo hiyo. Nikafika kwenye njiapanda. Mafungu yanakwenda kushoto, jabali unaliona kwa mbali. Kulia kunateremka kwenye mto mkavu, mchanga mtupu.

Akili ikaniwaka kama taa ya stoo. Nimehamisha mafungu yote saba. Kushoto hakuna hata moja, kulia yamesimama kama askari. Mzee Taratibu na mbuni wake wataogelea mchangani, mimi nitakuwa jabalini nawakaribisha wageni. Mgongo unauma, lakini moyo unacheza.

Ijumaa, tarehe 12 Julai

Nimeosha gari. Nimeandika MILIMANI EXPRESS kwenye kioo cha nyuma kwa sabuni. Shemeji kafuta. Nimeandika tena.

Mke wangu kaniuliza mbona natabasamu peke yangu, nimefanya nini safari hii? Nikamwambia kwani mtu hawezi kufurahi nyumbani kwake. Kasema wewe? Akaenda kuhesabu masufuria. (Mara moja tu niliuza sufuria. Moja tu!)

Jumamosi, tarehe 13 Julai

Naandika kwa mkono uliojaa mchanga.

Asubuhi nikapewa abiria watatu: Daktari mwenyewe kiti cha mbele, karani wa posta nyuma, na jamaa mmoja mrefu wanayemwita Ngazi, magoti yake yakiwa masikioni mwangu. Kamba zao kwenye buti, tairi la akiba nikaliacha nyumbani kupata nafasi. Mzee Taratibu kawachukua wengine. Nikampita kwenye lami nikimpigia honi tatu. Kanipungia mkono kama anayeaga maiti.

Tukafika njiapanda. Nikakata usukani kushoto. Daktari akapiga kelele nisimame! Kasema mafungu yako kulia, mimi naenda wapi? Nikasema mama, naijua njia hii, ni kushoto. Kasema wao wana sheria moja: mawe yanafuatwa, dereva hafuatwi. Mwaka juzi dereva mmoja aliyejua sana aliwalaza porini siku mbili.

Nikasema labda mbuzi wameyasogeza. Ngazi kauliza mbuzi gani anapanga mawe manne, kubwa chini dogo juu?

Nifanye nini? Nikisema ni mimi, kazi imekwenda. Nisiposema, gari limekwenda. Nikatazama kushoto, jabali linaningoja. Nikakata kulia kwa mikono yangu mwenyewe.

Na njia nzima wanayasifu! Karani kasema mwaka huu mafungu yamepangwa vizuri kuliko mwaka jana. Nikajikuta nasema asante. Wakanitazama. Nikasema asante Mungu.

Jiwe la kwanza likachukua bampa. La pili ekzosi, tukawa tunanguruma kama trekta. Nikasema injini inachoka, turudi. Daktari kasema fungu lile pale, tusonge. Tukasonga. Tukazama.

Niliwahi kusikia ukikwama mchangani unapunguza upepo wa tairi. Nikapunguza zote nne, nikajiona fundi mkubwa. Karani kauliza pampu iko wapi. Pampu!

Wakasukuma saa nzima. Ngazi kalala kifudifudi akichimba kwa sufuria lao la chai.

Saa sita tukasikia mngurumo. Taratibu, taratibu. Mzee! Abiria wake kawafikisha tangu saa tatu, wameshapanda jabali na kushuka, kaona hatutokei, kaja kututafuta. Daktari kamuuliza mbona yeye mawe hayakumpoteza? Kasema hajui mambo ya mawe, abiria wake walipiga kelele kulia, kulia, lakini yeye anapita huko miaka ishirini, anafuata jabali.

Katuvuta kwa mnyororo, katujazia upepo. Wenzangu walipokwenda kunywa maji, kaja karibu yangu, kasema polepole kwamba kule kushoto, mafungu yalipoondolewa, kaona alama za tairi nyembamba na chengachenga za mkate. Nikangoja aite watu.

Hakuita. Kasema tu kijana, unapanga mawe vizuri, ungekuwa mwashi. Akawasha gari lake.

Jumapili, tarehe 14 Julai

Kazi kapewa Mzee Taratibu. Msimu mzima.

Shemeji kalizunguka gari mara tatu. Mara ya nne kanipa aproni.

Mke wangu kacheka mpaka akakaa chini. Baadaye kaniletea uji, kaniambia usijali baba, angalau mikate haina makorongo.

Jumanne, tarehe 16 Julai

Siku ya pili ya kukanda. Mikono si yangu. Shemeji kasema unga wangu una madonge, nikamwambia ni mapambo.

Lakini sikilizeni! Daktari kaja kununua mkate. Kasema kikundi chao hakiamini tena mawe, wanataka mishale ya rangi kwenye miamba, njia nzima. Mzee Taratibu kawaambia anamjua kijana mwenye mkono wa kazi hiyo. Mimi! Hakuwaambia kitu kingine. Mzee wa watu, kumbe ana roho safi. Nimeona hata haya.

Nimepewa kopo la rangi nyeupe na brashi. Mchana huu nimeshapaka mpaka njiapanda, mishale imenyooka, kushoto, kwa haki kabisa.

Halafu nikakaa kwenye jiwe, nikafikiri. Njia ya mishale myeupe ni ya Mzee Taratibu. Je, kukiwa na njia ya mkato? Nani atataka dereva wa polepole? Nimenunua kopo dogo la rangi ya kijani.

Njia yenyewe sijaipata bado. Ila mishale tisa nimeshapaka.