Siku Baba Pacha Alipoingurumisha Pikapu

Kusanyikeni, enyi wenye magari nanyi mwendao kwa miguu, niwasimulie vita vilivyopiganwa uani kwa Baba Pacha, fundi viatu mstaafu, simba wa spana namba kumi, mvaa ovaroli isiyojua sabuni. Mwenye kucheka asubiri kwanza, maana mimi jirani yake nilishuhudia yote kutoka juu ya ukuta.

Pikapu ilikuwa imelala miaka minne chini ya kamba ya nguo. Ndiyo iliyomleta Mama Pacha siku ya harusi, na sasa mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa langoni na mkokoteni na nyundo, akiingoja.

"Isipowaka kufikia adhuhuri, inaondoka," alisema Mama Pacha. "Na kitambaa changu cha jikoni kachukua nani? Wiki nzima naepua sufuria kwa mikono mitupu."

 Shujaa aliinua boneti, akapanda juu ya tofali, akanena: "Ewe injini, mzaliwa wa moto! Nimekusugua plagi, nimekubadilishia oili, nimekuazimia betri kwa shemeji anidharauye. Usiniaibishe mbele ya mtu wa nyundo."

Akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akakaza, akalegeza, akapuliza bomba la petroli hadi ndevu zikanuka. Ikakohoa tena, safari hii kwa dharau. Jua likapanda. Mnunuzi akakunja mikono ya shati. Baba Pacha akaegemea mlango wa pikapu na, nisiwafiche, machozi yakamlengalenga.

Mama Pacha akasogea, akainama chini ya boneti, akaona pindo jekundu alilolishona mwenyewe. Akavuta. Kutoka kwenye koo la kabureta kikatoka, polepole, kitambaa cha jikoni, ambacho mumewe alikisokomeza Jumapili iliyopita ili vumbi lisiingie, kisha akasahau.

"Nilikuwa nailinda," alisema shujaa kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa unainyonga, mume wangu. Haya, washa."

Ikanguruma. Moshi ukameza shuka zote kambani. Mama Pacha akazitazama, akamtazama mumewe, kisha akapanda, akakaa palepale alipokaa siku ya harusi.

Basi na iandikwe: dakika tano kabla ya adhuhuri, pikapu ilisafiri hatua kumi na moja hadi langoni, ikazima. Ilirudishwa kwa kusukumwa, shujaa upande huu, mnunuzi wa vyuma upande ule, na Mama Pacha kwenye usukani akiwaambia wasukume vizuri, hilo gari lina mwenyewe.