Difu Isiyoteleza Hata Kidogo

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amekwama tena na pikapu yake ya mikate. Mlima wa shule, palepale penye tope jekundu. Tairi moja la nyuma lilizunguka kama feni, lingine limetulia kama mgeni mwalikwa. Mikate mia mbili imefika saa nne, wanafunzi wameshamaliza chai bila kitu cha kutafuna. Kosa si lake. Anaendesha vizuri kuliko wanaume wote wa mtaa huu, na nasema hivi bila upendeleo, ingawa ni kitinda mimba wangu na macho amechukua kwangu.

Mwalimu mkuu amesema amechoka kungoja. Jumamosi hii zitapanda pikapu mbili, kila moja na trei zake. Itakayofikisha mikate mizima kabla ya kengele ya chai ndiyo itapewa kazi ya mwaka mzima. Pikapu ya pili ni ya nani? Ya Pacha Mkubwa, mtoto wa jirani yangu Mama Pacha. Habari hiyo nimeipokea kwa utulivu. Nimevunja sahani moja tu.

Binti yangu hakula. Amesema akiikosa kazi hii atauza pikapu na kurudi kwenye kaunta ya duka la mjomba wake. Mwaka aliokaa pale alikonda mpaka nikawa namshonea sketi kwa vipimo vya mtoto wa shule.

Haendi kokote. Nitalishughulikia mwenyewe.


Jumanne, 4 Machi

Gereji. Nimekwenda naye ingawa aliniambia nibaki. Fundi, ambaye watu humwita Taratibu kwa sababu zinazoonekana, ameingia chini ya gari na kutoka na jibu: tatizo ni difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya matairi ya nyuma. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye tairi lenye kazi nyepesi. Moja likizama kwenye utelezi, lenyewe ndilo linazungushwa bure, na mwenzake anatazama tu. Nikamwambia nimeelewa, nina shemeji wawili wa namna hiyo.

Anazo difu mbili zilizotumika. Ya kwanza haina kitufe. Tairi likianza kuteleza, inajibana yenyewe na kumgawia mwenzake nguvu. Ya pili ni ya kufunga: unabonyeza kitufe, matairi yote mawili yanazunguka pamoja, hakuna mjadala. Ila ni ya tope tu. Kwenye lami unaifungua, maana kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na yakifungwa pamoja gari hukataa kona.

Nikauliza ile ya kwanza inaitwaje. Akasema limitedi slipu. Nikauliza maana yake. Akasema, "Mtelezo wa kiasi, mama."

Nilijifanya natazama spana, kwa heshima ya gereji. Lakini jamani. Nani anauza kitu kwa kutangaza kasoro yake? Mimi nishone gauni niliite Mshono wa Kufumuka Kiasi? Na binti yangu, mwenye akili zote hizo, ameichagua hiyohiyo. Anasema njia yake ni lami tupu, tope ni mita mia mbili, na mikate haitaki kurukarushwa. Nilimaliza darasa la sita tu, lakini kuteleza nakujua. Mwanangu hatelezi, si kwa kiasi, si kwa kipimo chochote.

Halafu jioni Mama Pacha ameniita uani kwake, eti nikaone. Pikapu ya mwanawe ina difu ya kufunga. Ina kitufe. Kitufe kina taa nyekundu. Ameiwasha na kuizima mara saba.


Jumatano, 5 Machi

Mpango umekamilika. Asubuhi nimekwenda kwa fundi peke yangu, nimempelekea ovaroli yake niliyomshonea zipu. Nimemwambia kwamba binti yangu amebadili mawazo, anataka ya kufunga, ila anaona haya kusema. Fundi alijikuna kichwa kwa spana. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia, "Baba, mimi ndiye niliyemzaa, nitashindwa kumjua?"

Akasema sawa, mama, nimekusikia.

Nilipokuwa natoka nilimwona amejificha nyuma ya lori, anaongea kwa simu, anacheka mpaka ameshika bampa. Wateja wake wanampenda. Nimechagua fundi mzuri.


Alhamisi, 6 Machi

Pikapu imerudi. Kitufe kipo, kando ya redio, kimekaa vizuri kama kifungo cha koti. Nimekibonyeza. Taa imewaka nyekundu, nyekundu kuliko ya Mama Pacha, kila mwenye macho ataona.

Nilikuwa nimejiandaa binti yangu akasirike. Nilikuwa hata nimeshapanga pa kulilia. Hakukasirika. Amesema haya, mama, kitufe ni chako, Jumamosi utakaa mbele na utakisimamia wewe. Fundi aliyeileta alitazama chini akakohoa sana. Nimemshauri apunguze vumbi.

Sikuweza kukaa na furaha peke yangu. Nikaenda kwenye uzio. Mama Pacha akauliza kama na sisi tumefunga difu ya maana au tumeokotaokota tu. Nikamwambia, "Shoga, kuwa nayo si kazi, kazi ni kuitumia. Mjinga hubonyeza akishafika topeni. Sisi tutabonyeza getini nyumbani, nguvu ijikusanye njiani." Akauliza nani kasema. Nikasema fundi.

Fundi hakusema. Lakini hakuna aliyemuuliza.


Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Nimefanya mazoezi ya kubonyeza. Ili taa iwake lazima ufunguo uzungushwe kidogo, basi nikauzungusha, nikawasha na redio, nikakaa humo mchana kutwa nikiwapungia majirani. Jioni pikapu ikagoma kuwaka. Betri imekufa.

Aliyekuja kusukuma ni Pacha Mkubwa. Kwa miguu mitupu, kwenye matope, mpaka ikawaka. Kijana ana adabu, sijui kaitoa wapi. Binti yangu amemshukuru kwa maneno mengi kuliko yanayohitajika.


Jumamosi, 8 Machi

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Mvua ilikatika alfajiri, na tulipoondoka lami ilikuwa imeshakauka. Mama Pacha na mwanawe wakatangulia. Mimi nilibonyeza getini kama nilivyosema. Taa ikawaka. Nikajihisi mzito.

Kwenye mzunguko wa barabara tuliwaona mbele yetu. Pacha Mkubwa akakata kona, pikapu ikakataa. Matairi ya nyuma yalilia, gari likaruka mara mbili kama mbuzi, halafu badala ya kuzunguka likanyoosha moja kwa moja, likapanda ukingo na kusimama katikati ya maua. Trei zikamwagika. Watu salama, hakuna hata mkwaruzo. Mikate ndiyo ilikaliwa na mikate.

Nilimwambia binti yangu apite, kengele haingoji. Akanitazama kwa lile jicho ambalo nilimfundisha mwenyewe, akasimama. Akamuuliza mwenzake kama ameifunga difu. Pacha Mkubwa akasema hapana, angeifungaje kwenye lami? Kisha akaiona taa yake.

Mama Pacha akasema kwa sauti ndogo, "Nilibonyeza mimi. Getini. Niliambiwa nguvu inajikusanya."

Wote wakanigeukia. Nikatazama maua. Yametunzwa vizuri yale.

Tukaokota mikate, tukaishusha pikapu yao ukingoni, tukaendelea. Sasa ni mlima. Tope lilikuwa kama uji. Tairi la kushoto likaanza kuteleza, binti yangu akatulia tu, mguu mwepesi, macho mbele. Mara chini yetu kitu kikashika. Tairi la kulia likaingia kazini na pikapu ikapanda, polepole, bila kuruka, trei hazikugusana. Muda wote huo nilikishikilia kitufe kwa vidole viwili na nguvu zangu zote, mpaka kucha ikakatika.

Tulifika dakika nne kabla ya kengele, kina Mama Pacha nyuma yetu na mikate iliyobonyea. Mwalimu mkuu akahesabu mwenyewe. Mia mbili, na hakuna hata mmoja uliobonyea. Akampa binti yangu mkono, akamwambia aanze Jumatatu. Binti yangu akasema asante vizuri kabisa, kisha akaenda nyuma ya gari akajifuta uso kwa mkono wa shati. Mimi sikulia. Mpishi wa shule amesema nililia, lakini yule alikuwa mbali.

Halafu binti yangu akafanya jambo. Akamwomba mwalimu mkuu Jumamosi zote apewe Pacha Mkubwa, maana naye gari lake linapanda vizuri likiachwa liendeshwe na mwenyewe. Nilimkanyaga mguu. Hakusikia, amevaa buti.


Jumapili, 9 Machi

Tumekula mikate iliyobonyea, sisi na kina Mama Pacha, uani kwetu, na kicheko kimejaa mpaka barabarani. Mama Pacha amenisamehe. Amesema tangu tujuane hajawahi kupata ushauri mbaya kama ule, na akanimiminia chai.

Hapo binti yangu akaamua kusema ya moyoni. Eti fundi alimpigia simu siku ileile ya Jumatano. Eti difu iliyomo ndani ni ile ya mtelezo wa kiasi, kama alivyochagua tangu mwanzo, na ndiyo iliyotupandisha. Eti kitufe changu kimeunganishwa na taa basi, waya mwingine hauendi popote. Watu walicheka, Mama Pacha akapaliwa, Pacha Mkubwa akampiga mgongo huku naye machozi yanamtoka.

Nami nikacheka. Mama hamwaibishi mwanawe mbele ya watu. Nimeelewa mara moja anachofanya: hataki wenzake wajisikie vibaya kwamba walikuwa na kitufe na sisi tukawa na kitufe, lakini chetu kikawa na mtu wa kukisimamia. Ndivyo nilivyomlea, hajisifu. Lakini mimi nilikuwemo. Kucha iliyokatika ni yangu, na ile nguvu niliisikia ikipanda kutoka kwenye dashibodi hadi begani.

Baada ya chai nimepita nyumbani kwa fundi. Nilimkuta anaanika nguo. Nimemwambia kuna jambo ambalo mafundi wote wamelisahau: kitufe kile ni cha kupandia mlima, je, kushuka tunashukaje? Nahitaji cha pili.

Alianika kwanza shati lililokuwa likimchuruzika mkononi. Kisha akaniuliza, kwa adabu zote, taa yake ningependa iwe ya rangi gani.

Nimesema kijani, ili mtu asije akachanganya.