Mikeka Chini ya Pangaboi

Jumanne, 4 Machi
Rubani Darel ameshuka, akapapasa pangaboi la ndege, uso ukamkunjamana. Limemeguka tena! Anasema injini ikinguruma ndege imesimama, pangaboi hufyonza kokoto na kujipiga nazo. Likiumia mara moja zaidi, hatui tena kijijini kwetu. Kisha akauliza mlinzi wa uwanja ni nani. Ni mimi. Ukoo wangu wote ulinichagua.

Nesi naye amesema mtoto wa Yakumi, mke wangu, amekaa vibaya tumboni. Ijumaa lazima apande ndege kwenda hospitali. Kwa miguu ni milima mitupu. Naogopa.

Jumatano, 5 Machi
Kikao. Shemeji Apiko, kaka yake Yakumi, kasema tufagie kokoto, basi. Watu wakaitikia. Kufagia! Wakimsikiliza leo, kesho yeye ndiye mlinzi. Nikasimama, nikasema nina dawa yangu. Akaniuliza, "Dawa au uchawi, shemeji?" Wakaangua kicheko. Haya, wacheke.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebandua kuta za nyumba yangu. Mikeka mizuri ya mianzi! Nitaitandika pale ndege inaposimama. Kokoto zitapita wapi?

Nimebakiza ukuta wa jikoni tu. Yakumi kalala hapo, baridi inampiga. Kasema wenzangu hujenga mtoto akikaribia, mimi nabomoa. Nikamwambia avumilie. Akageukia moto. Iliniuma.

Apiko kaja na ufagio. Nimemfukuza.

Ijumaa, 7 Machi
Ndege imetua, ikasimama juu ya mikeka. Watu wakashangilia! Hata Apiko alipiga makofi, shingo upande. Yakumi akafungwa mkanda. Rubani akauliza kama mikeka imefungwa chini. Nikasema imefungwa kabisa. Haikufungwa.

Akaongeza nguvu ya injini. Mkeka wa mbele ukainuka. Kishindo! Mianzi ikaruka kila upande, pangaboi likapinda. Rubani akazima injini, akabaki amekaa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Apiko akakata miti miwili, akafunga blanketi, akaita vijana. Wamembeba dada yake kuvuka mlima, mvua inanyesha. Nikashika machela. Akasema, "Achia, shemeji. Mikono yako imeshafanya kazi ya kutosha." Nikafuata nyuma na kikapu cha viazi vitamu.

Jumapili, 9 Machi
Hospitali. Mtoto wa kike, mzima! Yakumi yu hai, ila damu imemtoka nyingi. Daktari kasema tungechelewa kidogo tu, tungezika. Nimelia mbele ya Apiko. Akanipa kiazi chake. Yakumi kasema jina atatoa kaka yake. Nikala kiazi.

Jumatano, 19 Machi
Nyumbani peke yangu. Mafundi walivuka mlima na pangaboi jipya, wakalifunga, ndege ikaondoka. Leo rubani kaita redioni. Kesho anamrudisha Yakumi na mtoto. Likiumia, ndiyo kwaheri. Kasema tufagie tu.

Apiko kafagia uwanja mzima. Kuku hapati hata kokoto ya kumeza! Vizuri, lakini kufagia kila mtu anaweza.

Nimewaza sana. Mikeka haikuwa na kosa. Kosa ni la upepo. Basi nimebandua ukuta wa jikoni, nimeutandika pale pale, na safari hii hauinuki ng'o. Bahati nzuri Apiko alizirundika kokoto zake pembeni. Nimezimwaga zote juu ya mkeka.